Je, kuandika maelezo kabla ya programu kunanyoosha fikra, au kunachelewesha kazi?

Kijana_wa_Chikongola · Jumanne, saa 2:40 usiku

Ndugu wanajukwaa, habari za jioni.

Sisi ni vijana watatu hapa Mtwara mjini, na tangu mwezi wa tano tunatengeneza programu kwa ajili ya chama cha msingi kimoja cha wakulima wa korosho. Kazi ya programu hiyo ni kutunza kumbukumbu za mzigo unapopimwa chamani, kuufuatilia mpaka unapofika ghala kuu, na baada ya mnada kukokotoa kila mkulima anastahili kiasi gani makato yakishaondolewa. Msimu unaanza mwezi wa kumi, kwa hiyo muda tulio nao si mrefu.

Kwa majuma mawili ya kwanza tulikutana kila jioni tukazungumza. Tulichora mishale ubaoni, tukaulizana maswali, tukakubaliana, na kila mmoja akaondoka akiwa na uhakika kwamba ameelewa. Kisha tukagawana kazi. Mwezi uliopita, tulipoziunganisha sehemu zetu, ndipo tulipogundua kwamba yale makubaliano hayakuwapo. Mwenzangu mmoja alikuwa amejenga hesabu ya malipo juu ya uzito uliopimwa chamani. Mimi nilikuwa nimeijenga juu ya uzito uliopimwa ghalani. Na wa tatu, anayeshughulikia ripoti, alidhani uzito ni mmoja tu, akaweka safu moja katika jedwali lake. Hakuna aliyezembea. Tulikuwa tumelitamka neno "uzito" mara nyingi mno, na kila mmoja akasikia la kwake.

Baada ya hapo, mwenzetu aliyetuzidi umri alitaka kazi isimame, akaniagiza niandike kurasa mbili za kueleza programu itafanya nini, kwa sentensi kamili, bila mchoro wowote. Nilidhani ni kazi ya saa moja. Niliketi jioni nzima nikakwama kwenye sentensi ya pili, ambayo ni hii: "Mkulima atalipwa kwa bei ya mnada." Niliiandika, nikaifuta, nikaiandika tena, na kila nilipotaka kwenda kwenye ya tatu niliona ya pili haijakaa sawa, ila sikuweza kusema kasoro yake ni ipi.

Naomba wenye uzoefu wanisaidie. Je, kukwama huku kunatokana na udhaifu wangu wa kuandika, maana tangu nimalize shule sijaandika hata barua ndefu, au kuna jambo katika kazi yenyewe ambalo sikulielewa? Na je, muda unaotumika kuandika unarudi, au ni afadhali tuendelee kujenga na kurekebisha kadiri tunavyokwenda? Mwenzangu wa ripoti anaamini hilo la pili kwa moyo wote, nami sina hoja ya kumjibu. Tena naomba kujua kama maelezo ya namna hii yaandikwe kwa Kiswahili au kwa Kiingereza, kwa kuwa majedwali yetu yote tumeyapa majina ya Kiingereza.

---

Mhandisi_Lindi · Jumanne, saa 4:05 usiku

Mdogo wangu, pole kwa jioni hiyo, lakini haikupotea. Nimefanya kazi hii kwa miaka kumi na miwili, mingi yake hapa Lindi, kwenye programu za bili za maji na za stoo za dawa, na nakuhakikishia kwamba hukukwama kwa sababu hujui kuandika. Sentensi yako ni fasaha. Umekwama kwa sababu sentensi imekudai vitu ambavyo huna, na mazungumzo yenu ya majuma mawili hayakuwahi kuvidai.

Tuifumue neno kwa neno. "Mkulima" ni nani? Ni yule aliyesajiliwa chamani, mwenye shamba, au aliyekuja na gunia kichwani? Mtoto akitumwa na mama yake kupeleka magunia mawili, jina litakaloingia kwenye programu ni la nani, na akaunti ya benki itakayolipwa ni ipi? "Atalipwa": na nani, lini, kwa mara moja au kadiri fedha zinavyoingia? Halafu njoo kwenye "bei ya mnada", ambapo nadhani ndipo roho yako ilipokataa. Mnada upi? Minada ni mingi katika msimu mmoja. Tuseme mkulima ameleta kilo 180 mwanzoni mwa mwezi wa kumi, kilo 240 baada ya majuma mawili na kilo 95 mwezi wa kumi na moja. Mizigo hiyo mitatu haikai pamoja. Kila mmoja unachanganywa na ya wenzake, unapakiwa na kupelekwa ghala kuu, na unauzwa siku tofauti. Tena hata ndani ya mnada mmoja wanunuzi huwa kadhaa, ndiyo maana siku ya mnada tunasikia ikitangazwa bei ya juu na bei ya chini. Basi "bei ya mnada" kwa umoja namna ile ni kitu ambacho hakipo. Ulikuwa unajaribu kuandika juu ya kitu kisichokuwapo, na mkono wako ukakataa kabla kichwa chako hakijajua sababu.

Jaribu hivi: "Kila mzigo wa mkulima utalipwa kwa bei iliyouziwa shehena ambamo mzigo huo uliingizwa." Sentensi bado haijakamilika, maana haisemi uzito upi utumike wala korosho za daraja la pili zinakwenda na shehena ipi, lakini angalia kilichotokea. Limezaliwa neno "shehena", yaani ule mjumuiko wa mizigo ya wakulima wengi unaosafiri na kuuzwa pamoja. Naomba ukafungue majedwali yenu sasa hivi. Nadhani mna jedwali la wakulima, la mizigo na la minada, na sidhani kama mna la shehena. Kama ndivyo, hakuna mstari wowote wa programu ambao ungeweza kumlipa mkulima kwa haki, hata mngeuandika kwa ustadi gani.

Huenda unajiuliza kwa nini mazungumzo hayakulionyesha hilo. Mtu anapozungumza nawe anasaidiwa na uso wako, mikono yako na hamu yako ya kukubaliana naye. Palipo na pengo, msikilizaji analiziba kwa dhana yake bila kujua kwamba ameziba. Mchoro una udhaifu mwingine, kwamba mshale hauna kitenzi. Ukichora mshale kutoka "Chama" kwenda "Ghala", je, kinachokwenda ni korosho, ni taarifa, au ni dhamana ya mzigo kupotea? Ubaoni yote matatu yanaonekana sawa, lakini kwenye sentensi huwezi kukwepa kuchagua. Leslie Lamport, mtaalamu wa kompyuta wa Marekani aliyepewa Tuzo ya Turing ya mwaka 2013, amelisisitiza jambo hili kwa miaka mingi, kwamba anayefikiri bila kuandika anadhani tu kwamba anafikiri.

Kuhusu muda, nikupe kisa kimoja. Katika programu ya bili za maji niliyoshiriki kuijenga, sote tulikubaliana kwamba "deni litaendelea kuonekana mpaka lilipwe". Hakuna aliyeandika deni hilo ni la nani. Programu ililifunga kwenye mita. Baada ya miezi mitatu wapangaji walianza kuhama nyumba, na wapangaji wapya wakapokea bili za watu wasiowajua, wakaja ofisini na hasira ambayo walikuwa na haki nayo. Kulitoa deni kwenye mita na kulihamishia kwa mtu kulituchukua wiki sita, kwa sababu kila ripoti na kila risiti ilikuwa imejengwa juu ya dhana ile. Sentensi "Deni ni la…" ingetudai neno moja tu, na tungelipata kwa kumuuliza mhasibu siku hiyohiyo.

Nakushauri jambo moja kabla hamjaendelea. Usiandike peke yako. Kila mmoja wenu watatu aandike ukurasa mmoja bila kuona wa mwenzake, kisha mlinganishe. Mahali ambapo kurasa zenu zinapishana ndipo kazi ilipo.

---

Mwana_wa_Nachingwea · Jumatano, saa 1:20 asubuhi

Namheshimu Dada Mhandisi na sipingi mfano wake wa deni, lakini nataka kumtetea yule mwenzake Kijana wa Chikongola anayeshughulikia ripoti, kwa sababu nimeona madhara ya upande wa pili na naona hayasemwi.

Nimezaliwa Nachingwea, mahali ambapo kila mtoto amekua akisikia habari za mpango wa karanga wa Waingereza. Mpango ule haukukosa karatasi. Mwaka 1946 ujumbe ulioongozwa na John Wakefield ulizunguka kwa majuma machache, sehemu kubwa ya nchi ukaiona kwa ndege, kisha ukaandika taarifa yenye hesabu nzuri za ekari, mavuno na gharama. Serikali ya Uingereza ikaikubali. Kazi ikaanza Kongwa, ikaja kwetu Nachingwea na kwenda Urambo. Kule Kongwa udongo ulipokauka uligeuka mgumu kama sakafu, karanga zikawa hazing'oki. Kwetu ilijengwa reli kuelekea pwani na ikaanza kujengwa bandari ya kina kirefu Mtwara kwa ajili ya shehena za karanga. Mpango ukaachwa mwaka 1951 kwa hasara ya takriban pauni milioni 36. Bandari ikakamilika mwaka 1954, karanga zilizotarajiwa zikiwa hazipo, na reli ikang'olewa baadaye. Taarifa ile iliandikwa kwa sentensi kamili, ndugu zangu. Ufasaha wake ndio uliowafanya watu waamini kwamba jambo limeshafikiriwa.

Tena wapo mabingwa waliofikiri bila karatasi. Edsger Dijkstra, Mholanzi aliyetunga njia ya kutafuta mkondo mfupi kati ya miji, ile ambayo leo inatumika katika programu za ramani, aliibuni mwaka 1956 akiwa mkahawani Amsterdam pamoja na mchumba wake, kwa muda wa dakika kama ishirini, hana kalamu wala karatasi. Baadaye yeye mwenyewe alisema kwamba kukosa karatasi kulimsaidia, kwa sababu kulimlazimisha kuepuka kila utata unaoepukika. Naye Peter Naur wa Denmark alieleza mwaka 1985 kwamba programu hasa ni ule ufahamu unaojengeka vichwani mwa walioitunga, na kwamba ufahamu huo hauwezi kuhamishiwa wote kwenye maandishi.

Mchongaji wa Kimakonde haandiki kurasa mbili kabla ya kushika tezo. Anaugusa mpingo, anausikiliza, na umbo linajitokeza kadiri anavyochonga. Nami ndivyo ninavyotengeneza programu: najenga kidogo, nampa mtumiaji, namwangalia usoni anapoitumia, kisha narekebisha. Nahofia kijana wetu atatumia mwezi wa nane wote kung'arisha sentensi, na mwezi wa kumi utamkuta hana kitu cha kumwonyesha karani.

---

Kijana_wa_Chikongola · Jumatano, saa 11:50 jioni

Nawashukuru nyote wawili, ingawa mmeniacha katikati.

Dada Mhandisi, jedwali la shehena hatuna. Nilifungua programu usiku uleule baada ya kusoma majibu yako, na sikupata usingizi mzuri. Tulikuwa tumeuunganisha mzigo wa mkulima moja kwa moja na mnada, na kama kusingekuwa na swali lile ningeendelea kushangaa kwa nini hesabu zetu za majaribio zinatoa jumla isiyolingana.

Leo asubuhi tumefanya ulivyoshauri. Tumeandika kurasa tatu, kila mmoja ya kwake, tukazisoma kwa sauti. Tulitofautiana mahali saba. Tofauti iliyonitisha zaidi ni juu ya unyaufu. Korosho hupungua uzito kati ya chama na ghala kwa kuendelea kukauka, na mimi nilikuwa nimeandika hivi: "Uzito hurekebishwa kabla ya malipo." Mwenzangu aliandika kwamba upungufu unagawanywa kwa wakulima wote wa shehena kwa kadiri ya kilo za kila mmoja. Yule wa ripoti aliandika kwamba upungufu ni wa chama na mkulima haumhusu. Kwa mkulima mwenye kilo 500 hiyo si tofauti ndogo, na sisi watatu ambao hatuna hata mkorosho mmoja tulikuwa karibu kuliamua jambo hilo ndani ya programu bila mtu yeyote kujua kwamba limeamuliwa.

Ila hoja ya mpango wa karanga imenigusa. Ninajuaje kwamba ukurasa wangu si taarifa ya Wakefield?

---

Mwalimu_Newala · Jumatano, saa 3:10 usiku

Mimi si mtengenezaji wa programu; nimefundisha Kiswahili sekondari kwa miaka mingi, na kijana wangu ndiye aliyenionyesha mjadala huu. Naomba nichangie kwa upande wa lugha, kwa sababu naona sentensi ya kijana, "Uzito hurekebishwa kabla ya malipo", ina somo kubwa ndani yake.

Katika Kiswahili, kitenzi kwa kawaida hubeba kiambishi cha mtenda na cha wakati. Kiambishi hu- ndicho kinachoviacha vyote viwili. Ukiongeza kauli ya kutendwa, kama alivyofanya kijana, unapata kitenzi kisichotaja anayerekebisha wala wakati wa kurekebisha. Kwa methali na desturi kiambishi hicho ni kizuri mno, "mali bila daftari hupotea bila habari", kwa kuwa methali haimsemi mtu mmoja wala siku moja. Kwa maelezo ya kazi ni mahali pa kujificha, na mwandishi hujificha mwenyewe bila kukusudia. Laiti ungejilazimisha kuandika "karani wa chama atarekebisha" au "mtunza ghala amerekebisha", ungetambua papo hapo kwamba humjui mrekebishaji.

Jambo la pili ni gumu zaidi kuliona. Tazama sentensi kama hii: "Ikishathibitishwa itatumwa ghalani na itahifadhiwa." Ni nini kitakachotumwa? Yaweza kuwa shehena, stakabadhi, hati, fomu, taarifa, au hesabu, na hata programu yenyewe. Maneno karibu yote ya kazi yenu, hasa yale tuliyoyapokea kutoka lugha nyingine, yameangukia katika ngeli moja, na kiambishi i- kinayafunika yote. Msomaji atachagua mojawapo, mwandishi alikuwa na jingine, na kila mmoja ataiona sentensi kuwa sahihi. Ndiyo hadithi yenu ya "uzito" kwa sura nyingine. Kwa hiyo, panapokuwa na nomino mbili za ngeli hiyo katika aya moja, irudie nomino yenyewe hata kama sikio linaona ni kuchosha. Na mnapochagua majina ya vitu vyenu, chagueni ya ngeli tofauti inapowezekana. Dada Mhandisi, nadhani bila kukusudia, amefanya vizuri alipokiita kitu kimoja "mzigo" na kingine "shehena", kwa kuwa "umepokelewa" na "imepokelewa" havichanganyiki. Jihadharini tu na wingi, maana "mizigo imepokelewa" inawarudisha kwenye i- ileile.

Kuhusu lugha ya kuandikia, jibu langu liko wazi. Andikeni kwa Kiswahili. Karani wa chama, mwenyekiti na mtunza ghala ndio wanaoijua kazi, na ukurasa usioweza kusomwa nao hauwezi kusahihishwa nao. Majina ya majedwali yanaweza kubaki yalivyo, mradi kila moja liandikiwe Kiswahili chake mahali pamoja, na neno moja lisitumike kwa vitu viwili.

---

Mhandisi_Lindi · Alhamisi, saa 12:30 asubuhi

Shikamoo Mwalimu. Kwa miaka yote niliyoandika maelezo ya programu sikuwahi kuitazama hu- kwa jicho hilo, na leo nitarudi kwenye hati zangu mwenyewe nikizitafuta.

Kaka Mwana wa Nachingwea, umetoa hoja ya haki, na sitaki kuijibu kwa kusema tu kwamba Waingereza waliandika vibaya. Nionavyo mimi, kuna kuandika ili kushawishi na kuna kuandika ili kugundua, na kalamu ni ileile. Taarifa ya mwaka 1946 ilikusudiwa kupata idhini na fedha. Anayeandika kwa kusudi hilo anapolikuta pengo analifunika, kwa kuwa pengo linamharibia hoja. Kijana huyu amefanya kinyume chake: alipolikuta pengo alisimama, akalileta hapa mbele ya watu wote. Tofauti ya pili ni kwamba sentensi za ukurasa wake zinaweza kukanushwa na mtu aliye umbali wa saa moja kwa pikipiki. "Upungufu wa uzito utagawanywa kwa wakulima wote wa shehena" ni kauli ambayo karani anaweza kuikataa kabla chai haijapoa. Sentensi za mpango wa karanga nazo zingeweza kukanushwa, na wa kuzikanusha walikuwapo: mtu wa Kongwa anayeujua udongo wake wakati wa kiangazi. Hakuna aliyemsomea.

Kuhusu Dijkstra, kisa ulichokitaja ni cha kweli nami nakipenda, ila endelea nacho mpaka mwisho. Wazo lile la mkahawani alilichapisha mwaka 1959, kwa kurasa chache sana. Katika maisha yake yote yaliyobaki, mpaka alipofariki mwaka 2002, aliandika makala zaidi ya 1,300, akizipa namba, nyingi kwa kalamu ya wino, na kuwatumia wenzake nakala. Huyo hakuwa mtu aliyeidharau karatasi. Nadhani tatizo la mkondo mfupi lilitosha kichwani kwa sababu lote lilikuwa wazi tangu mwanzo: miji, njia na umbali. Hakukuwa na karani ambaye ni yeye tu anayejua unyaufu ni wa nani.

Hata mchongaji wako, ninavyomwelewa, anajibiwa na mti wenyewe. Akikosea, mpingo unapasuka, naye anaona hapohapo. Programu inayomlipa mkulima pungufu haipasuki. Inatoa jumla, inachapisha risiti, na kila kitu kinaonekana sawa mpaka mtu mmoja alinganishe risiti yake na ya jirani.

Kuna mfano mmoja wa maandishi ambao ningependa kijana auige. Tarehe 7 Aprili 1969, wakati mtandao uliokuja kuwa mama wa intaneti ulipokuwa unaanza kujengwa Marekani, mwanafunzi mmoja aitwaye Steve Crocker aliandika hati fupi juu ya namna kompyuta zitakavyozungumza. Mfululizo wa hati hizo yeye na wenzake waliuita maombi ya maoni. Walikuwa vijana, hawakuwa na mamlaka, na waliogopa kuonekana kwamba wanaamuru, kwa hiyo jina lenyewe likasema kwamba wanauliza. Kanuni za intaneti zimeandikwa katika mfululizo huo mpaka leo. Basi weka juu ya ukurasa wako neno "Naomba maoni", na chini yake orodhesha sentensi ambazo huna uhakika nazo, moja moja, pamoja na jina la mtu unayedhani analo jibu. Usizichanganye na zile ambazo mmekwisha kuzihakiki.

---

Mwana_wa_Nachingwea · Alhamisi, saa 7:15 mchana

Dada, nimekuelewa, na hilo la mpingo kupasuka sina jibu lake. Nimewahi kuwa na programu iliyotoa jumla nzuri kwa miezi, na jumla hizo hazikuwa sahihi.

Bado nashikilia jambo moja. Maandishi yanaonyesha pengo lililo ndani ya fikra zetu. Hayaonyeshi jambo ambalo hakuna kati yetu aliyewahi kulifikiria. Unyaufu mliupata kwa sababu angalau mmoja wenu alijua kwamba upo. Yale ambayo hayamo vichwani mwenu wote watatu yatapatikana chamani, mizani ikiwa imesimama na watu wamepanga foleni. Kwa hiyo kijana, kurasa zako zisizidi hizo mbili, na uende nazo kwa karani wiki hii, usisubiri zikamilike. Tena zitunze pamoja na programu ndani ya Git, ule mfumo unaotunza kumbukumbu za kila badiliko la mafaili, ili sentensi inapobadilika, badiliko la programu lionekane kando yake pamoja na sababu. Miezi sita ijayo hutakumbuka kwa nini uzito wa ghalani ulichaguliwa, na atakayekuuliza anaweza kuwa mkaguzi.

---

Kijana_wa_Chikongola · Jumamosi, saa 1:05 usiku

Shikamoo Mwalimu, na salamu kwenu nyote.

Jana nilikwenda chamani na kurasa mbili. Niliziandika upya nikiondoa kila hu- na kila i- niliyoshindwa kusema inamrejelea nani, na kazi hiyo peke yake ilinionyesha mambo manne ambayo sikuyajua. Karani hakuwa na muda wa kusoma, kwa hiyo nilimsomea kwa sauti tukiwa tumekaa juu ya magunia matupu nje ya ofisi, naye akawa ananisimamisha.

Kwenye unyaufu alicheka, akasema sisi watatu tumekosea sote. Kadiri anavyojua yeye, upungufu mdogo wanaugawana wakulima wa shehena husika, lakini ukizidi kiwango ambacho mkutano mkuu wa chama umekikubali, suala linarudi kwa viongozi kabla mtu yeyote hajalipwa. Hilo halikuwamo katika ukurasa wowote kati ya zile kurasa tatu, kwa hiyo Kaka Mwana wa Nachingwea alisema kweli. Lakini nisingekuwa na la kumuuliza kama nisingekuwa na sentensi ya kumsomea. Tulipokwenda kwake mwezi wa tano tulimuuliza, "Malipo yanafanyikaje?", naye akatujibu, "Kwa bei ya mnada," tukashukuru tukaondoka.

Mwenzangu wa ripoti amevunja jedwali lake mwenyewe, bila kulazimishwa, na sasa lina uzito wa chamani, uzito wa ghalani, na jina la aliyepima kila mmoja. Shehena imepata jedwali lake. Tumepoteza siku tisa kwa jumla.

Imebaki sentensi moja chini ya "Naomba maoni". Niliandika kwamba "mkulima atalipwa kupitia akaunti yake ya benki". Karani aliniomba niirudie, akanyamaza kidogo, kisha akauliza: aliyepimiwa mzigo mwezi wa kumi akafariki kabla ya mnada, programu yenu itamwandika vipi, na warithi wake watauonaje mzigo wake? Alisema kila msimu wanapata angalau mmoja, na mpaka sasa jina lake hubaki kwenye daftari limepigiwa mstari kwa penseli. Sikuwa na jibu, naye hakuwa nalo kamili. Mwenyekiti amekubali tukutane Jumatatu asubuhi, na amesema atamwita pia katibu, kwa kuwa jambo hilo nao hawajawahi kuliandika.

Ikiwa kuna yeyote hapa aliyeshughulikia mirathi katika programu ya chama au ya benki, naomba aniandikie kabla ya Jumatatu.